Mlango wa Jirani na Dhana Zetu

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukivaa viatu baada ya darsa ya kina mama, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, ukidhani kwamba katika nyumba ya jirani lafanyika jambo lisilo halali, nawe huna hakika, wafanya nini?" Nilimjibu kwamba suala hilo lilinifika mimi kabla ya kumfika yeye, nikamwahidi kuliandikia katika kurasa hizi. Leo natimiza ahadi, ingawa sehemu ya habari hii hainipendezi kuisimulia.

Twakaa Koekelberg, katika mojawapo ya njia zile nyembamba zilizo baina ya bustani ya Elisabeth na mpaka wa Molenbeek. Nyumba zetu ni za matofali, ndefu na nyembamba, zimeshikana ukuta kwa ukuta hata mtu akipiga chafya huku huombewa rehema kule. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alihamia bwana mmoja na mkewe na watoto wao watatu, watu wa kwetu, wenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Tulifurahi sana. Mwezi wa Ramadhani tulipelekeana sahani za futari, na sahani hairudi tupu, kama mjuavyo. Pamoja nao alikuwapo binti wa umri wa miaka kama 15, ambaye tulielezwa kuwa ni mtoto wa dada yake bwana, aliyeletwa Ulaya apate kusoma.

Kila jioni ya siku ya taka binti huyo ndiye aliyetoa mifuko, ile myeupe na ile ya buluu, na miguuni ana kandambili hata katika mwezi wa Januari. Asubuhi, watoto watatu walipopelekwa shule, yeye alibaki dirishani na kitambaa cha kufutia vioo. Binti yangu, ambaye ni rika lake, ndiye aliyeuliza kwanza: "Mama, mbona yeye hasomi?" Nami nikampa jawabu la uvivu, kwamba mambo ya nyumba za watu hatuyaingilii. Jawabu hilo lilinitosha kwa muda wa miezi saba.

Nalo lilinitosha kwa sababu lilivaa joho la dini. Sote tumefundishwa kwamba Sura ya al-Hujurat imekataza dhana nyingi, imekataza kupelelezana, na imekataza kusengenyana, tena kwa mfano unaotia kinyaa. Tumesimuliwa pia habari ya Sayyidna Umar aliyepanda ukuta wa nyumba usiku, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamwambia kwamba yeye ametenda kosa moja, lakini Amiri ametenda matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na ameingia bila ya kutoa salamu wala kubisha hodi. Umar, kwa ukali wake wote, akamwacha. Hayo ni kweli na yanafaa kukumbukwa na kila mwenye kuchungulia kwa kufunua pazia. Lakini mimi niliyatumia mafundisho hayo mahali pasipo pake. Mtu yule alikuwa akiidhulumu nafsi yake. Akitokea wa pili anayedhulumiwa ndani ya nyumba, kunyamaza si kumsitiri jirani tena, ni kumwachia mkono wa kuendelea. Na sura hiyo hiyo, kabla ya kukataza dhana, imeamrisha kwamba habari ikijiwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe, watu wasije wakadhuriwa kwa ujinga. Sikuichunguza, wala sikuiacha. Niliikalia tu.

Huko kwetu mambo haya yalikuwa na njia yake. Tanzania ilikuwa na balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, enzi za TANU, na Rwanda ilikuwa na nyumbakumi wake. Kenya nayo iliutangaza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013. Balozi alikuwa jirani. Ulimpelekea neno jioni, akaenda akakaa barazani pa mshukiwa, akanywa kahawa, akaona kwa macho yake. Wengine walikuwa wambeya, na wengine walikuwa macho na masikio ya chama, hilo nalijua. Hata hivyo hapakuwa na mtu asiyejua pa kuanzia. Hapa Ubelgiji tunadhani kwamba baina ya kunyamaza na kupiga king'ora hakuna kitu katikati. Kipo. Ni yule polisi wa mtaa, ambaye Kifaransa humwita agent de quartier na Kiholanzi wijkinspecteur, yule yule aliyekuja kubisha kwenu mlipojiandikisha komini, ili ahakikishe kwamba mnakaa kweli mlikosema. Wengi wetu tulimwogopa siku ile, tukamsahau siku ya pili. Yeye hazimi moto wala hafukuzi mwizi; kazi yake ni kuijua mitaa. Tangu mageuzi ya polisi, Koekelberg imo katika zoni moja na Molenbeek, Jette, Ganshoren na Berchem-Sainte-Agathe, na ukiuliza katika kituo chochote cha polisi cha zoni hiyo utatajiwa polisi wa njia yako.

Mageuzi hayo yenyewe yana asili katika nyumba ya jirani. Wazee wetu waliokuwapo hapa mwaka 1996 hawasahau jina la Dutroux. Mnamo Desemba 1995 askari waliipekua nyumba yake huko Marcinelle, wakasikia sauti za watoto, wakadhani zatoka barabarani. Kumbe watoto wawili walikuwa wamefichwa katika ghala la chini, nao walikufa humo. Agosti 9, 1996 alitekwa msichana mwingine katika mji wa Bertrix. Safari hii shahidi mmoja alikumbuka gari na sehemu ya namba yake, basi. Kwa namba hiyo pungufu mshukiwa alikamatwa Agosti 13, na siku mbili baadaye wasichana wawili walitolewa hai. Oktoba 20 mwaka ule watu wapatao 300,000 waliandamana Brussels wakiwa na maputo na maua meupe, na sheria ya kuunganisha vikosi vya polisi ikapitishwa Desemba 7, 1998.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na watuuma zaidi. Machi 22, 2016 watu 32 waliuawa katika uwanja wa ndege wa Zaventem na kituo cha metro cha Maelbeek. Dereva wa teksi aliyewachukua wauaji watatu hadi uwanjani alikumbuka mizigo yao, ambayo hawakutaka aiguse, akawaongoza polisi mpaka nyumba waliyotokea, mtaa wa Max Roos, Schaerbeek. Humo zilikutwa kilo 15 za baruti. Sehemu hii ya ushahidi wake ilikuwa timamu, maana alieleza alichokiona na mahali alipokiona. Kisha alikamatwa mtu mmoja aliyedhaniwa kuwa ndiye yule mwenye kofia katika picha ya uwanjani. Magazeti yaliandika kwamba dereva yule yule ndiye aliyemtambua kwa sura. Jina la mtu huyo lilizunguka dunia nzima. Machi 28 akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi, na mwenye kofia hasa akakamatwa Anderlecht tarehe 8 Aprili. Shahidi ni mmoja na nia yake ni njema: mizigo na mlango hakuvikosea, lakini uso, kama magazeti yalivyoeleza, aliukosea. Miezi ile, sisi tukaao mpakani na Molenbeek tulijua maana ya kutazamwa kila tutokapo na mfuko mkubwa, na vijana wetu wenye ndevu walikuwa wakivuka barabara ili wasimtishe bibi aliye mbele yao. Ndiyo maana nasema wenye kudhaniwa vibaya wanapaswa kuwa wa mwisho kudhani vibaya. Lakini wawe pia wa kwanza kuona vizuri.

Narudi kwa binti. Kosa langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. La pili lilikuwa kusema kusikofaa. Siku moja nilimwambia rafiki yangu, yeye akamwambia shemeji yake, na kabla ya wiki mbili habari ilikuwa imefika Antwerp imenenepa: binti amefungwa kwa mnyororo, binti hapewi chakula. Hakuna aliyekuwa ameona mnyororo. Habari ikarudi Koekelberg kwa njia nyingine, ikamfikia bwana mwenyewe. Tangu siku hiyo binti hakutoa taka tena, na pazia la dirisha la mbele halikufunguliwa. Sitasahau usiku ule nilipoitazama mifuko ikitolewa na bwana, nikajua kwamba ulimi wangu ndio uliomfungia binti mlango. Kama wangalimhamishia mji mwingine, nani angalimwona tena?

Hapo ndipo nilipokwenda kwa msaidizi wa jamii wa CPAS, ofisi ya msaada ya komini, ambaye nilikuwa nikimjua kwa shughuli zangu mwenyewe. Nilimwendea yeye kwanza kwa sababu amefungwa na siri ya kazi kama daktari na wakili. Alinisikiliza kwa nusu saa, kisha akaniuliza: "Katika haya yote, ni lipi uliloliona kwa macho yako?" Nikahesabu. Yalikuwa matatu tu: haendi shule, anafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, na hatoki peke yake. Akasema matatu yanatosha, na mnyororo niuache ulikotoka. Akanieleza kwamba katika nchi hii elimu ni lazima hadi umri wa miaka 18, ndivyo ilivyo tangu sheria ya mwaka 1983, na mtoto asiyeonekana katika shule yoyote ni jambo linaloweza kuulizwa bila ya kumtuhumu mtu kwa lolote.

Nikanunua daftari. Niliandika tarehe, saa na kilichoonekana, bila ya maneno kama "masikini" wala "dhalimu". Jumanne, saa moja kasoro robo asubuhi, taa ya jikoni inawaka, binti anapiga pasi. Ijumaa, saa tano usiku, taa ile ile. Sikumfuata mtu, sikupiga picha ndani ya dirisha la mtu, wala sikumtuma mwanangu kupeleleza. Hayo yamekatazwa na dini na yana matatizo katika sheria pia. Siku moja, bwana na bibi wakiwa safarini na mlango umeachwa wazi kwa fundi wa bomba, binti alisimama kizingitini. Nilimsalimu. Kwa dakika mbili aliniambia kwamba pasi yake ya kusafiria anayo "mjomba," kwamba hajazungumza na mama yake tangu Idi ya mwaka uliopita, na kwamba analala jikoni. Sikumwahidi jambo. Nilimwambia tu kwamba mlango wetu ni ule wa tatu na kwamba usiku pia tunaamka.

Sasa wako watakaosema, na walisema, kwamba hiyo ni desturi yetu, mtoto wa ndugu kusaidia kazi, na kwamba wazungu hawaelewi. Nami nimelelewa kwa shangazi yangu, nilichota maji na kuosha vyombo. Lakini shangazi alinipeleka shule na chuoni, na barua za mama yangu nilisomewa mimi, hazikufichwa. Desturi haina haja ya kufungia paspoti kabatini. Tena tusidhani kwamba sheria hii huwaangukia wanyonge peke yao. Mwaka 2008 mtumishi mmoja alitoroka kutoka hoteli ya fahari ya barabara ya Louise, hapa Brussels, ambamo mama mmoja wa ukoo wa kifalme wa Abu Dhabi na mabinti zake saba walikuwa wamekodi ghorofa nzima na kuweka watumishi zaidi ya ishirini, wakifanya kazi usiku na mchana bila ya ruhusa ya kutoka. Kesi ilikawia miaka tisa. Juni 2017 wanawake hao wanane walihukumiwa kwa kosa la kusafirisha watu kwa ajili ya kuwatumikisha, kifungo cha miezi 15 kilichosimamishwa, pamoja na faini. Wengi waliona hukumu ilikuwa nyepesi, nami ni mmoja wao. Lakini ilitamkwa.

Ubelgiji ina vituo vitatu vilivyotambuliwa rasmi kwa wahanga wa biashara hii: Payoke katika Antwerp, Sürya katika Liège, na Pag-Asa hapa Brussels, jina ambalo katika Kitagalogi lina maana ya matumaini. Msaidizi wa jamii aliwapigia Pag-Asa, nao wakaeleza njia. Mhanga aliye mtu mzima hupewa siku 45 za kutafakari bila ya kufukuzwa nchini, aamue kama atasema au la. Akiamua kuachana na waliomtumikisha, kusaidiwa na kituo na kushirikiana na mahakama, aweza kupata karatasi za kukaa. Mtoto huwekewa mlezi wa kisheria. Kisha nikaenda polisi mimi mwenyewe, na daftari langu.

Yafaa niwaeleze jambo hilo lilivyo, maana hofu yetu kubwa iko mlango ule. Ukihojiwa una haki ya kusema kwa lugha unayoiweza. Huletwa mkalimani aliyeapa, au hutakiwa uandike maelezo yako mwenyewe. Mimi niliomba Kiswahili, nikangoja saa tatu. Usitie saini karatasi usiyosomewa, na ukimaliza omba nakala, ni haki yako na hailipiwi. Sema "niliona," "nilisikia," "niliambiwa na fulani," kila moja mahali pake. Barua isiyo na jina yaweza kuwaamsha polisi, lakini haiwi ushahidi peke yake. Ukiogopa kisasi, sema mapema, kwa kuwa sheria ya mwaka 2002 inaruhusu jina la shahidi lifichwe katika hali fulani, na mwenye kuamua hilo ni hakimu. Na ajihadhari mwenye ugomvi wa maegesho au wa mahari: anayepeleka mashtaka ya uongo kwa makusudi huadhibiwa yeye. Upande wa pili, sheria humwadhibu pia anayemwona mtu katika hatari kubwa akaacha kumsaidia ilhali angaliweza bila ya kujihatarisha. Sikulijua hilo katika ile miezi saba.

Ama asiye na karatasi, sitamdanganya. Polisi akimkuta hana kibali huarifu Ofisi ya Wageni, hata kama amekuja kushitaki jambo la haki. Basi yeye asiende peke yake. Apitie kwa wakili, kwa daktari, kwa Pag-Asa, kwa kituo cha PMS cha shule ya mwanawe, au kwa jirani mwenye karatasi atakayekuwa tayari kuona alichokiona yeye. Isipokuwa damu inamwagika: hapo 101 ni ya polisi na 112 ni ya wagonjwa na moto, na yeyote aweza kuzipiga. Mtoto akitoweka, 116000, mchana na usiku. Mtoto mwenyewe akitaka kuzungumza na mtu kwa Kifaransa, 103.

Msishangae kama baada ya kutoa habari hakuna linaloonekana. Katiba inailinda nyumba, kifungu cha 15, na polisi hawaingii kwa sababu tu jirani amesema. Huhitaji hati ya hakimu mpelelezi, au ridhaa ya mwenye nyumba, au wito kutoka ndani, au kosa linalotendeka wakati ule ule. Na kwa kawaida upekuzi haufanywi baina ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Tulio na desturi ya kuwaogopa polisi tufurahi kwamba mlango wetu unalindwa na kifungu hicho hicho. Mimi niliyangoja majuma matano, nikidhani wameitupa karatasi yangu.

Kuna mama mwingine aliyenieleza habari ya nyumba iliyo nyuma ya kwao: vioo vimefunikwa, mashine yanguruma usiku kucha, harufu ya majani, na theluji haikai juu ya paa. Hilo si la kungoja daftari refu. Mara nyingi bangi ya namna hiyo hulimwa kwa umeme ulioibwa kabla ya mita, na nyaya hizo huunguza nyumba zilizoshikana kama zetu. Polisi waarifiwe. Wala asiende mtu kubisha kwao kuwapa nasaha. Wenye mashamba hayo si aghalabu kuwa wakaao humo, na aliyefungiwa ndani kuyamwagilia maji huenda ni mhanga pia.

Walikuja asubuhi ya Alhamisi, saa kumi na mbili, magari mawili, bila ya king'ora. Binti alitoka amevaa koti la mama mmoja wa polisi. Alipelekwa katika makao ya watoto ambayo anwani yake haitangazwi, akapewa mlezi, na baada ya muda akaanza darasa la wageni wajifunzao Kifaransa. Mama yake alipigiwa simu siku ya tatu. Niliambiwa kwamba walilia tu, hawakusema. Kesi ingali mahakamani, kwa hiyo sitaandika zaidi ya haya.

Baadhi ya jamaa hawanipi salamu. Mke wa yule bwana nilikutana naye katika ngazi za metro ya Simonis, akaniambia: "Ungeliniambia mimi kwanza." Nimelifikiri neno hilo mara nyingi, kwa sababu huenda naye alikuwa na hofu zake ndani ya nyumba ile, na mimi sikumwuliza hata mara moja. Ila kila nikihesabu, naona kwamba ningalimwambia yeye, binti angalikuwa mji mwingine kabla ya isha. Watoto wao watatu bado hupita mbele ya mlango wetu wakienda shule. Mdogo wao hunipungia mkono, na mkubwa huushika mkono ule akaushusha.